Macho ya Kisogoni

Harufu ya dawa ya kuchua bado hunirudisha ughaibuni, mtaa wa Sharpstown, mwaka 2017, kwenye kochi alilolalia mama mchana baada ya zamu mbili mfululizo za kuhudumia wazee. Alichoka, jamani, uchovu wa kumlaza tembo wiki nzima.

Mwalimu alikuwa amenipangia kueleza darasani habari za "tiger". Nikamuuliza mama ni mnyama gani. Akanijibu macho kayafumba, "Chui huyo, mwanangu. Ana madoa, anapandisha swala mtini, na maji hayapendi."

Nikaandika yote. Darasa lilicheka hadi nikaona paa la shule likiinuka: mnyama wa kwenye picha ukutani alikuwa na mistari! Mwalimu akanipa nafasi moja tu ya kurudia, kesho yake.

Nilifika nyumbani nimefura kama andazi. "Mama, umeniaibisha! Ana mistari, si madoa! Hujui kitu!"

Akageukia ukuta pale kochini. "Kumbe ni chui milia. Haya, chukua kitabu chako unisomee. Nasikiliza."

Nikasoma. Kwamba hata ukimnyoa manyoya, mistari imo ngozini, na hakuna wawili wenye mistari inayofanana. Kwamba joto likizidi hujitumbukiza mtoni akaogelea. Kwamba huwinda peke yake, na mara nyingi hukosa, akalala na njaa, akaamka akaenda tena. Kwamba nyuma ya masikio ana mabaka meupe kama macho.

"Basi ni ndugu yangu huyo," mama akasema, bado hajageuka. "Na wewe toa mkono kwenye kopo la sukari."

Nusura nizimie! Kesho yake nikaliapia darasa kwamba chui milia huona kwa kisogo, maana wa nyumbani kwetu anaona. Walicheka tena, ila safari hii nilicheka nao.

Baadaye, tulipohamia mji wa Mesquite, nami nilibeba maboksi ghalani mchana na kusoma shule ya jioni, mpaka nikahitimu. Jumamosi moja nimejilaza hoi, mdogo wangu akanifokea, "Kaka, hujui kitu!" Nikajikuta nimegeukia ukuta, asione machozi yangu. Mara nikasikia kifuniko cha kopo la sukari kikilia.

Kumbe mama hakuwa na macho kisogoni. Alikuwa na masikio tu. Macho aliyokuwa nayo ni yale ya mbele, na siku ile ndiyo aliyokuwa akinificha.