Nilivyomuumbua Baba Neema Mbele ya Wanunuzi wa Kahawa

Kacha... kacha. Mlio wa kamera ya Baba Neema bado ninao masikioni. Kila picha aliibonyeza mara mbili: ya kwanza mikono ikitetemeka, ya pili akiwa amebana viwiko kifuani na kuzuia pumzi. Mimi ndiye niliyeuzima mlio ule. Sina wa kumsingizia.

Mimi ni mpiga picha hapa Moshi. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto zangu ni ndefu kuliko mlima wenyewe, na kila mtu ananijua kwa kucheka. Chama chetu cha wapiga picha wa biashara ndicho kilichonitoa. Kiliniazima kamera nikiwa sina hata simu ya maana, na Baba Neema, mkongwe wa chama, akanifundisha kutafuta mwanga chini ya migomba.

Chamani tuna desturi, tunaiita kusimama mgongoni. Mwenzako akiumwa unakwenda naye kazini, unapiga nyuma yake kimya kimya, picha unampa yeye na zinatoka kwa jina lake. Mteja haambiwi. Kesho ukiumwa wewe, utasimamiwa.

Mikono ilipoanza kumkataa, Baba Neema aliomba asimamiwe mwaka mmoja tu, mpaka binti yake Neema amalize chuo cha uuguzi. Mwenyekiti wetu, dada mmoja wa Mabogini, akanichagua mimi. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa.

Ikaja kazi kubwa. Kampuni ya kununua kahawa ilitaka picha za wakulima za kuweka kwenye pakiti zake. Wiki nzima tulizunguka vihamba vya Rombo, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, yeye mbele akiwatania bibi zetu kwa Kichagga, mimi nyuma nikibonyeza.

Siku ya kuonyesha picha, meneja alisimama mbele ya picha ya bibi mmoja anayecheka na kikapu cha buni mbichi, akasema hajapata kuona mkono kama wa mzee huyu. Watu wakapiga makofi. Baba Neema akanigeukia, akainamisha kichwa kidogo. Ile ilikuwa asante yake. Mimi nikaona mtu anayekula jasho langu.

Nikachomeka kadi ya kamera yake kwenye kompyuta iliyokuwa ikirusha picha ukutani. Picha zake zikajaa pale: bibi mwenye pua tatu, mgomba kama moshi wa jikoni. Nikasema kwa sauti yangu ya utani, ile inayopendwa na wote:

"Baba, hizi ulipiga ukiwa juu ya punda?"

Walicheka. Jamani, walicheka mpaka karani akafuta machozi! Nikanogewa. Nikaeleza yote, zipi zangu na zipi zake, hata anavyomwaga chai akishika kikombe.

Baba Neema alitaka kufunika lenzi yake aondoke. Kifuniko kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena, kikabingirika chini ya meza. Wakacheka upya. Akakiacha hukohuko.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Ungeniambia tu tukiwa njiani."

Kazi sikuipata. Meneja alisema chama kinachouza mkono wa mtu kwa jina la mwingine hakiaminiki, akaleta mpiga picha kutoka Dar. Baba Neema aliuza kamera. Neema alirudi nyumbani kabla ya kumaliza chuo kwa kukosa ada, na sasa baba na binti wanauza ndizi sokoni Mkuu, kule Rombo. Nilikwenda, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba huku akipanga ndizi zake, hakuinua macho. Ndizi nazo zilikuwa zikimdondoka.

Chama hakikunifukuza. Laiti kingenifukuza! Wananisalimia, wananiulizia mama, wananipisha kiti.

Halafu nikateleza kwenye matope, mkono wa kulia ukateguka, na siku mbili mbele nina harusi ya kupiga picha. Nikampigia mwenyekiti, nikaomba mtu wa kunisimamia mgongoni. Alinipigia baadaye.

"Mdogo wangu, nimewauliza wote. Kila mmoja ana udhuru. Wanakiogopa kicheko chako."

Nikapiga harusi nzima kwa mkono wa kushoto. Bibi harusi alipoziona picha hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, ulikuwa juu ya punda?"

Utani wangu ulikuwa umeshauzunguka mji mzima, na sasa ulikuwa umenirudia mwenyewe.

Wewe mwenye chama cha kazi yako, uwe fundi cherehani, uwe mpagazi wa mlimani, nisikilize. Mwenzako akikukabidhi aibu yake umfichie, ifiche. Usiitoe ili watu wakuone wewe. Siku ukiteleza utageuka nyuma, na hutakuta mtu.

Jumapili iliyopita nyumbani walikwenda kanisani wote, nikabaki. Nikafungua zile picha za wakulima, nzuri, nilizodai ni zangu. Nikazitazama moja moja. Mungu wangu, hakuna bibi hata mmoja anayeniangalia mimi! Wote wanamwangalia yeye aliyesimama mbele yangu, ndiye anayewachekesha.

Nikafuta jina langu nililokuwa nimeliandika kwenye kila picha. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto nikaandika la kwake, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha. Hakuna mteja atakayeziona.