Ua Aliloleta Fundi Pampu

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Pampu ndiye aliyewasha mtambo wa maji pale bwawani, na watu walitania kwamba akipiga chafya tu, mabomba ya mtaa mzima yanakauka. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe, akimtafuta sokoni, aliuliza kama wamemwona Pampu wake.

Kibanda chake cha mtambo kilikuwa safi kuliko sebule za watu. Sakafu aliipiga deki kila Jumamosi, spana alizitundika kwa ukubwa, kuanzia ya kidole hadi ya mkono mzima, na mlangoni aliweka pipa lililokatwa nusu, limejaa maji. Humo ndimo alimolea ua. Aliliona kwa wakwe wa bintiye: ua la zambarau linaloelea lenyewe, halidai udongo wala mbolea, majani yake yamevimba shingoni kama vichupa. Akaomba shina moja. Akasafiri nalo siku nzima ndani ya mfuko wa maji, amelipakata kama mtoto mchanga, na abiria wenzake wakamcheka.

Mwezi haujaisha, pipa likafurika. Akampelekea mashina machache shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeuza miche kando ya barabara ya bwawani na ambaye watu walimwita Mama Maua. Yule mama akaigeuza-geuza mizizi, kisha akamrudishia.

"Shemeji, hili lina uroho. Lichome."

Kulichoma! Fundi hakuwa na moyo huo. Kitu kibichi ukitupe juani kikauke mbele ya macho yako, utalalaje? Akaona kitu cha maji kirudi majini. Akamwaga bwawani ndoo yenye mashina saba, akajipangusa mikono, akaenda zake. Na kila pipa lilipojaa, alifanya hivyohivyo.

Msimu wa pili bwawa likawa kijani ukingo hadi ukingo, ndege wanatembea juu yake kama wako uwanjani. Mizizi ikaziba chujio kwenye mdomo wa bomba. Mtambo ukavuta hewa, ukachemka, ukazimika. Maji yakawa yanatoka mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, rangi ya chai ya jana. Afisa wa maji akaja na kamba yenye alama, akapima kina, akawaeleza watu kwamba kila jani pale juu linanyonya maji na kuyapa jua, ndiyo maana bwawa linashuka haraka kuliko kiangazi chenyewe kingelishusha. Na gugu maji hilo, akasema, hujizidisha mara mbili katika wiki mbili au tatu tu. Fundi alikuwa nyuma yake, reki mkononi. Akaanza kupiga hesabu kimoyomoyo kutoka saba, akaishia njiani kwa hofu.

Tangu hapo kila asubuhi aliingia majini mpaka kiunoni kuvuta gugu. Wanawake waliopanga ndoo ukingoni walimpa pole na kazi, wakamwombea nguvu. Kila pole ilimchoma kuliko tusi. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asishukuriwe. Lile pipa alikuwa ameshalipindua na kulipaka rangi, likawa kiti cha wageni.

Kisha watu wakaanza kutafuta mchawi. Nani anauza mimea karibu na bwawa? Haikuhitaji ushahidi. Kwanza wateja walikatika, halafu vikopo vya miche vikapinduliwa mchana kweupe, halafu ikaja barua ya kamati ya maji: Mama Maua aje ajieleze, na akishindwa aondoke pale barabarani, mahali palipomlelea watoto wanne. Mkewe Fundi alilia kutwa nzima. Akamuuliza mumewe, yeye anayeshinda bwawani, kweli hakumwona aliyelileta? Fundi akasema hakumwona. Alisema akitazama vidole vyake vya miguu, vilivyokunjamana kwa kukaa majini.

Ofisi ya kamati ilikuwa chumba kimoja, mabenchi mawili na feni inayozunguka kama imelazimishwa. Fundi aliitwa awe shahidi, akapewa kiti cha mbele. Mwenyekiti akaanza kwa kumshukuru, watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Mama Maua, akamuuliza gugu lile alilitoa wapi.

Fundi alingoja atajwe. Neno moja tu lingemwokoa yule mama, naye hakulisema. Alikunja upindo wa nguo yake, akaukunjua, akasema hakulileta yeye.

"Kama si wewe, ni nani?"

"Ni mimi," Fundi akasema.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani anamkingia kifua shemejiye. Katibu akainua kalamu.

"Fundi, sema vizuri, naandika."

Hapo ndipo adhabu ilipokuwa, kulisema mara ya pili, polepole, kwa mwendo wa kalamu ya mtu mwingine: shina moja, pipa, ndoo, mashina saba. Na kwamba Mama Maua alimwambia alichome. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Mtu mmoja nyuma alisema tu, "Na makofi tumempigia."

Nje akamkimbilia shemeji yake amwombe radhi. Yule mama hakusimama.

"Usidhani nilikuficha wewe, shemeji. Nilimficha dada. Nenda kamwambie mwenyewe, kabla watu hawajamwambia."

Alimwambia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho huku akipanga vyombo, na kwa siku nane alimwekea chakula mezani bila kumwambia karibu.

Kamati haikumfukuza, maana hakuna mwingine aliyejua kuubembeleza ule mtambo. Walimwamuru alisafishe bwawa lote, na afisa wa maji akamweleza, bila kumpunguzia, kwamba mbegu za gugu hukaa topeni miaka mingi zikisubiri. Asubuhi iliyofuata akaingia majini. Wanawake walikuwepo na ndoo zao. Hakuna aliyesema pole. Alivuta, akarundika, akavuta tena, mpaka jasho likamwingia machoni, ndipo akapanda ukingoni apumue.

"Kona ile umeacha," mmoja wao alimwambia, akionyesha kwa kidevu.

Fundi Pampu akageuka, akarudi majini.