Siku Kamera Ilipomwangalia Refa

Mashabiki wa mpira wa kikapu wanamwita Msumari, na jina lenyewe halimkeri. Lilikuja kwa sababu akishapuliza filimbi, uamuzi umeshagongwa ukutani. Utalia, utagaragara, kocha atavua koti alitupe chini, hung'oi kitu. Mchana ni fundi wa mageti. Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi, na humo anakata vyuma kwa grenda mpaka majirani wamezoea kuongea kwa ishara. Jioni anaoga, anavaa fulana ya kijivu, anakwenda kuwa adui wa ukumbi mzima. Refa ndiye binadamu pekee anayetukanwa na timu zote mbili kwenye mechi moja, na wiki ijayo anarudi viatu vinang'aa.

Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mageti yalimlisha, filimbi ilimfanya atembee kifua mbele.

Halafu ligi ikaleta video.

Kamera zikafungwa juu ya kila kikapu na pembeni mwa uwanja, skrini ikawekwa kwenye meza ya watunza saa, na ghorofani kikatengwa chumba kidogo cha marudio. Sasa uamuzi ukiwa na utata, refa anachora mstatili hewani kwa vidole, anakwenda kwenye skrini, anatazama. Akikuta amekosea, anautengua mwenyewe, mbele ya kila mtu aliyelipa kiingilio. Kwa mtu anayeitwa Msumari, fikiria hiyo hali.

Nyumbani ndiyo usiseme. Akibisha kwamba si yeye aliyeacha mlango wa friji wazi, binti yake anachora mstatili hewani bila kuinua macho kwenye simu. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake, anatangaza matokeo: marudio yameonyesha ni baba. Uamuzi wa baba umetenguliwa. Baba akafunge friji.

Wenzake walikuwa wakitenguliwa mara moja moja, wanacheka, maisha yanaendelea. Yeye ilikuwa inamwandama, na kila mara kwenye shuti la sekunde ya mwisho. Hapo refa anatakiwa ajue kitu kimoja tu: king'ora kilipolia, mpira ulikuwa bado kwenye vidole vya mpigaji au ulishatoka? Kama ulishatoka, kikapu halali. Kama bado, hakuna kitu hapo. Juu ya ubao wa kikapu kuna taa nyekundu inayowaka pamoja na king'ora, lakini Msumari alifundwa zama za kumbi zisizo na taa hiyo: macho yabaki kwenye vidole, king'ora liachie sikio. Basi alikuwa anakubali vikapu kwa kujiamini kabisa, anakwenda kwenye skrini, na skrini inamwonyesha mpira umo mkononi na taa imeshawaka siku nyingi.

Mitandaoni walimpokea kwa upendo wao. Wakamtengenezea stika akiwa amevaa miwani minene kama chini ya chupa. Mtu mwingine akamwekea fimbo nyeupe. Binti yake aliziona zote, na kwa mara ya kwanza hakumtania. Alizificha, jambo lililomuuma baba kuliko stika zenyewe, maana yeye alikuwa ameshaziona kwa wateja wake wa mageti.

Mkuu wa waamuzi, mzee mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, alimwita akamweleza bila kuzunguka. Akitenguliwa tena kwa kosa lile lile, mechi za mtoano zitachezwa bila yeye, na msimu ujao jina lake halitakuwemo. Msumari akasema amesikia. Kusema kweli alisikia nusu, nusu nyingine alisoma usoni.

Mechi iliyofuata akatenguliwa tena.

Alibadilisha nguo taratibu. Wenzake walimpigapiga begani kama mtu aliyefiwa, wakaondoka. Alikuwa ameshaamua: kesho yake angempelekea mkuu filimbi mwenyewe, kabla hajaombwa. Ila alitaka kwanza akalione hilo kosa kwa kituo, bila watu elfu kumpumulia kisogoni. Akapanda ngazi mpaka chumba cha marudio.

Chumba hicho kina mwenyewe. Ni dada mmoja wanayemwita Rimoti, aliyekuwa mchezaji hodari enzi zake, na Msumari ndiye aliyemtoa nje kwa faulo ya tano kwenye nusu fainali ambayo timu yake ilipoteza. Mpaka leo Rimoti anasema haikuwa faulo. Kwa hiyo Msumari aliingia kinyumenyume kidogo, akaufunga mlango huku amempa mgongo, akijiandaa kuchekwa.

Rimoti hakucheka. Alikuwa anamtazama kwa jicho la ajabu, kama mtu aliyepata jibu la kitu. Akamvutia kiti.

Akamweleza kwamba kila usiku watu wanarudisha picha kuangalia mpira. Mpira, vidole, taa, basi. Yeye alichoka kuuangalia mpira, akaamua kumwangalia refa. Akabonyeza, picha ikatembea polepole. Pale alikuwepo Msumari mwenyewe, magoti yamekunjwa vizuri, macho kwenye vidole vya mpigaji, pale pale panapotakiwa. Taa nyekundu ikawaka. Na hapo ukumbi mzima ukashtuka. Kocha aligeuza shingo. Wachezaji wa akiba waliruka. Refa mwenzake alipepesa. Hata kijana wa kufuta jasho uwanjani, aliyekuwa ameinama na tambara lake, aliinua kichwa. Msumari peke yake alibaki vile vile, kama picha ya ukutani, mpaka mpira ulipoingia kikapuni ndipo akashusha mkono kuukubali.

Rimoti akaweka mechi ya kabla ya hiyo. Vile vile. Na ya kabla yake.

"Kaka, macho yako ni mazima kuliko yangu," akasema. "Wewe king'ora hukisikii."

Msumari akaanza kubisha. Kelele za mashabiki, akasema. Spika za ukumbi mbovu, akasema. Alikuwa anatafuta la tatu Rimoti alipomkatisha.

"Ulivyokuwa unafunga mlango nilikukaribisha. Nikakuuliza kama unakunywa chai. Nikakutukana kidogo, nisamehe. Hujageuka."

Msumari akagusa sikio lake. Ukichanganya grenda kutwa nzima, halafu filimbi inayopulizwa karibu na sikio la mpulizaji kuliko la mtu mwingine yeyote, mahesabu hayahitaji profesa. Alihisi aibu ikija, ikafika katikati ikageuka kuwa kitu kingine, chepesi. Watu walikuwa wanasema amekuwa kipofu, amechoka, amehongwa. Na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba ule mchezo umemtoka. Kumbe haukumtoka. Aliinamisha kichwa, na Rimoti kwa hisani yake akajifanya ana waya wa kushughulikia chini ya meza.

Hospitalini alienda na mke wake. Walimwingiza kwenye kichumba chenye kioo, wakamvalisha vidude masikioni, wakamwambia abonyeze kila akisikia mlio. Mke aliyekuwa nje alikuwa anasikia baadhi ya milio kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, huku mume ametulia na kidole chake hewani, anasubiri. Mwanzoni alitabasamu. Kisha tabasamu likapotea. Daktari alipotoka na Msumari kumweleza mke kwamba sauti nyembamba zimepungua sana, na zimepungua kwa miaka, mke akakaa.

"Daktari, mimi nilijua siku nyingi kwamba hanisikii," akasema. "Ila nilidhani ni tabia."

Daktari alikohoa ili asicheke. Msumari hakusikia vizuri, akaomba arudiwe, na mke wake akamrudia sikioni, neno kwa neno, akamshika mkono. Njiani kurudi hawakuachiana, na hao ni watu waliooana zamani.

Akapata kifaa cha sikio, kidogo kama punje ya hindi. Grenda akaanza kuitumia amevaa vizibo vya masikio. Kilichobaki ni mkuu. Angeweza kunyamaza, nywele zingeficha. Alikwenda akasema yote, akaweka kifaa mezani ili mzee akione. Mkuu alikigeuza kwa kidole. Akasema atampa mechi moja ya mtoano. Likija shuti la king'ora akatenguliwa, aiache filimbi kwenye meza hiyo hiyo, wala hatamwuliza neno.

Mechi hiyo, jamani. Kwanza alisikia viatu vikilia sakafuni, sauti aliyokuwa ameisahau kabisa, akatabasamu katikati ya robo ya kwanza mpaka mchezaji mmoja akamwuliza kama yuko sawa. Halafu akagundua makocha wanaongea mengi sana chini ya pumzi, na mengi yanahusu wazazi wake. Alimwendea mmoja, akamwambia kwa upole kwamba mama yake hajambo, anasalimia. Kocha akarudi kwenye benchi, akakaa hapo mpaka mapumziko.

Ikafika sekunde ya mwisho. Timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wao mrefu akapewa mpira pembeni, akaruka, Msumari akakaza macho kwenye vidole. King'ora kikalia. Alikisikia kikiingia kama maji ya baridi, na wakati kinaingia mpira ulikuwa bado umelalia ncha za vidole. Ukatoka, ukapaa, ukazama kikapuni bila kugusa chuma. Ukumbi ukalipuka kwa furaha, na Msumari akafuta mikono hewani: hakuna kikapu.

Kilichofuata hakielezeki kwa lugha ya heshima. Kocha wa nyumbani alidai marudio, na ni haki yake. Msumari akachora mstatili, akatembea mpaka kwenye skrini, mkuu akasimama nyuma yake mikono mfukoni. Picha ikaanza kutembea kidogo kidogo. Mkono ukapanda. Taa ikawaka. Vidole, na mpira juu yake, bado haujatoka. Picha ikasimama hapo, haikuhitaji kwenda mbele.

Mkuu akatoa mkono mmoja mfukoni, akamgusa Msumari mgongoni, akaondoka zake. Ndivyo alivyo yule mzee, hotuba yake nzima ilikuwa hiyo. Msumari akageukia uwanja akarudia ishara yake, na wapinzani wakaanza kukumbatiana.

Wenzake walimtaka wakapige picha. Yeye alipanda ngazi akiwa bado na jasho, akasukuma mlango wa chumba cha marudio. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yalimtoka yote, akabaki na moja.

"Asante, dada."

Rimoti hakuinua macho. Alikuwa anaandaa picha za mechi inayofuata, vidole vinakimbia kwenye vitufe. Akamwambia asante imepokelewa, ila amesimama mbele ya skrini na anamzibia kazi. Na ile faulo ya tano, akaongeza, haikuwa faulo.

Msumari akasogea pembeni, akavuta kiti, akakaa. Akamwambia kama upo mkanda wa nusu fainali ile, auweke. Waiangalie pamoja.