Mke Mdogo wa Jiwe la Kisian

Kutoka mjini Kisumu mpaka Kisian hakuna kitu kinachosimama wima ambacho hakina mtu ndani yake. Ile nguzo ya saruji kule kilimani ilijengwa na Mzungu Mskoti aliyekuja kupima nchi, na alizikwa mle mle, amesimama, zumari kwapani. Upepo wa ziwa ukivuma, anaipuliza. Mkuyu ulio karibu na reli una karani aliyeupanda akimkimbia kiboko, nyanya zetu wakiwa wasichana, na mpaka leo hajashuka. Na ukizidi kwenda mbele utafika Kit Mikayi, mawe yaliyobebana juu kwa juu. Hilo ni jiwe la mke mkubwa. Hata mtoto wa mjini analijua.

Lakini jiwe lililokuwa mbele ya nyumba ya Dorca Adero halikuwa na mtu ndani. Lilikuwa jiwe tu, kubwa kama malori mawili. Chini yake lilizikwa tunda.

Tunda lenyewe lilikuwa mume wake.

Oduor alikuwa mponda kokoto. Alikaa kando ya barabara akivunja mawe toka asubuhi, na Adero akiwa mbali mtoni aliijua nyundo ya mume wake kati ya nyundo ishirini. Mbili ndogo, moja kubwa: ko-ko, kwaa! Halafu kimya kidogo. Hapo anatema mate kiganjani. Kisha tena, ko-ko, kwaa!

Mwaka wa themanini na tatu alipanda mtumbwi kwenda kumzika dada yake ng'ambo ya Uyoma. Upepo ukaupindua. Watano walipatikana. Oduor hakupatikana. Ndugu zake walisimama majini siku nne wakiita jina lake, na ziwa likanyamaza kama mtu aliyekula kitu cha wenyewe. Siku ya tano wazee wakafanya linalofanywa maji yanapokataa kurudisha mtu. Walikata tunda la mti wa yago, refu kama mguu, zito, wakalifunga shuka nyeupe, wakalilaza ndani ya sanduku, wakalilia, wakalizika mbele ya nyumba, kwenye kivuli cha jiwe.

"Sasa huyu ndiye Oduor," wakamwambia Adero. "Amepata nyumba. Asifukuliwe. Akifukuliwa hatakuwa wa maji wala wa udongo, atazunguka tu."

Adero akalilinda tunda lake. Alifagia pale kila asubuhi, na kila asubuhi alilisalimu kwa jina.

Mwaka wa themanini na sita barabara ikaja kupanuliwa. Nyapara wa kazi alikuwa Waliaula, mtu wa upande wa Bungoma, mwenye kofia na kitabu. Akalizunguka jiwe mara mbili, akalipiga msalaba wa rangi nyekundu.

"Mama, hili tunachukua. Jumatatu tunatoboa, Jumanne ni baruti."

"Hapo chini amelala mume wangu."

Waliaula akavua kofia. Alikuwa mtu wa heshima. "Pole sana, Mama. Iko karatasi ya mazishi?"

"Karatasi ya nini, na maji yalimchukua? Tulizika yago."

"Mlizika nini?"

"Tunda. Badala yake."

Kofia ikarudi kichwani. "Mama yangu, kampuni huhamisha kaburi la mtu. Sasa mimi niandike nini hapa? Nimemhamisha Bwana Tunda?"

Wafanyakazi wakacheka. Lakini wale waliozaliwa ziwani hawakucheka. Adero akawaona, akajua mlango uko wapi.

"Basi nikwambie ukweli, baba," akasema, akishusha sauti. "Nilikuwa naona aibu. Unaijua Kit Mikayi?"

"Naijua."

"Ile ni ya mke mkubwa. Je, mke mkubwa akipewa jiwe lake, mke mdogo alale wapi?"

Waliaula akalitazama jiwe.

"Ndiyo hili. Kit Nyachira, jiwe la mke mdogo. Aliletwa hapa bibi harusi, shanga mpaka kiunoni. Mke mkubwa akamtupia jicho. Msichana akakimbia, jiwe likafunguka, akaingia, likafunga. Yumo mpaka leo. Jua likifika utosini anagonga afunguliwe. Na atakayempasulia ule mlango, baba, huyo ndiye mume wake, hata kama alikuja na mashine." Akamtazama toka kofia mpaka viatu. "Uko na bibi nyumbani?"

"Niko naye. Nasambu."

"Anapenda wageni?"

Sasa wa ziwani ndio walicheka, lakini cheko lao lilikuwa fupi.

Jumatatu mashine ilitoboa asubuhi yote. Saa sita ikazimwa, watu wakakaa kula. Jua lilikuwa utosini, kivuli kimeingia chini ya miguu ya watu, hata kuku hawakulia. Ndipo jiwe likagonga. Ko-ko, kwaa! Kimya. Ko-ko, kwaa!

Ugali ulibaki kwenye sufuria. Mtu mmoja alikimbia na kijiko mdomoni mpaka sokoni Kisian. Waliaula hakukimbia, nyapara hakimbii, lakini alitembea kwa miguu mirefu sana, na barabara ikaenda kutafuta jiwe kwenye kilima kingine.

Adero akatoka kwenye ufa ulio nyuma ya jiwe, vumbi mpaka kwenye nyusi, nyundo ya Oduor mkononi. Akaitundika msumarini ndani ya nyumba. "Lala, mume wangu," akaliambia tunda. Akadhani yameisha.

Uongo mzuri hauzeeki. Wapita njia walianza kutupa kokoto mojamoja kumsalimu bibi harusi, kama watu wafanyavyo mahali panapoogopwa, na kokoto zikawa rundo, na rundo likafunika pale Adero alipokuwa akifagia. Wasichana waliokaribia kuolewa walikuja toka Kibuye na kanga mpya kuligusa jiwe. Mwalimu Nelima wa mjini akawa analeta wanafunzi kwa basi kila muhula, na mwaka wa tisini na mbili akaleta na kibao kilichopakwa rangi: KIT NYACHIRA. Adero alisimulia, watu wakashika vifua, wakamwachia sukari na majani ya chai. Alisimulia vizuri. Kila mwaka shanga za bibi harusi ziliongezeka.

Hakuna aliyelitaja jina la Oduor pale. Hata yeye Adero, kwa ule msongamano wa wageni, asubuhi nyingine alisahau.

Mwaka uliofuata, siku moja saa sita, alikuwa uani akichambua maharage na jirani yake Rosa. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Nyundo ilikuwa msumarini, aliiona kwa macho yake.

Ko-ko, kwaa!

Mikono ya Rosa ikasimama. "Nyar Alego," akamwita, kwa kuwa Alego ndiko alikozaliwa. "Umesikia?"

"Ni kigong'ota."

Kimya kidogo. Ko-ko, kwaa!

"Kigong'ota anayetulia kutema mate?" Rosa akauliza. Akaacha maharage, akaacha na ungo wake, akaenda kwake bila kuaga.

Kesho yake ikagonga. Na kesho kutwa. Saa sita, jua utosini, ndani kabisa ya jiwe, kila siku kwa nguvu zaidi, mpaka vifuniko vya sufuria vikawa vinacheza jikoni. Adero alilisogelea jiwe, akaliwekea kiganja. Lilikuwa la moto kwa jua, lakini chini ya ule moto kulikuwa na ubaridi wa maji ya ziwa, na kiganja kilitoka kimelowa. Alikinusa. Kilinuka samaki.

"Najua ni wewe," akasema. "Nyumba nilikuokolea. Sasa unataka nini?"

Jiwe likampiga kiganja kwa ndani. Kwaa!

Alijua. Nyumba alimwokolea, kisha akaiandika jina la mwanamke mwingine. Kokoto elfu zilitupwa juu ya kifua chake na hakuna hata moja iliyotupwa kwa salamu yake. Mtu asiyeitwa huanza kuzunguka.

Basi la Mwalimu Nelima lilipokuja, Adero hakungoja wateremke wote. "Mwalimu, futa. Hakuna bibi harusi. Hapo amelala mume wangu Oduor. Yaani, yago yake. Mimi niliwadanganya watu wa barabara, na kugonga niligonga mimi."

Nelima akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Mama Adero, leo jua ni kali. Kunywa maji kwanza."

"Nasema kweli!"

"Usituharibie historia, Mama. Darasa la sita wameshaiandika." Akafungua daftari. "Mimi nimekuja na swali moja tu, watoto wananisumbua nalo kila mwaka. Huyu Nyachira, mume wake alikuja? Aliitwa nani? Hapo ndipo sina kitu."

Adero akalitazama lile daftari.

Jina lingeingia daftarini. Lingesomwa, lingeimbwa, lingeitwa na watoto sitini kila muhula hata yeye akiwa udongo. Lakini lingeingia kama mume wa yule. Miaka kumi alimlilia Oduor peke yake, mke mmoja wa mume mmoja, na hata tunda hakugawana na mtu. Sasa ampeleke mwenyewe kwa mikono yake, kwa msichana aliyemtengeneza kwa ulimi, akamvika na shanga?

Jua likafika utosini. Ko-ko, kwaa!

Watoto wakapiga kelele, wakarudi basini wakipandana. Nelima alibaki, kalamu juu ya daftari.

"Alikuja," Adero akasema haraka. "Mume alikuja, mwaka wa themanini na tatu. Alipitia majini. Aliitwa Oduor, mponda kokoto wa hapa hapa, na mlango aliupasua kwa nyundo yake. Andika! Oduor. Waambie watoto waite."

Watoto wakaita kupitia madirisha ya basi, kwa woga kwanza, kisha kwa sauti moja. Oduor! Jiwe likanyamaza katikati ya pigo.

"Na mke mkubwa?" Nelima akauliza, akiwa bado anaandika. "Yeye alifanya nini?"

Adero akaokota ufagio wake. "Mke mkubwa yupo hapo nje," akasema. "Anafagia."

Wiki nzima jiwe halikugonga. Rosa akarudi kuchukua ungo wake. Ijumaa saa sita walikuwa wamekaa uani, sufuria ya maharage motoni, ndipo wakasikia tena, taratibu, bila hasira, kama mtu aliye kazini kwake. Ko-ko, kwaa! Kimya kidogo.

Halafu, pembeni yake, nyundo ya pili. Nyepesi. Imechelewa, kama ya mtu anayejifunza. Ko... ko, kwa.

Rosa alimshika mkono. Adero alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, midomo ameibana.

"Mtoto wa watu," akasema, "hata nyundo hajui kushika."

Akainuka akaongeza maji kwenye sufuria.