Watoto wa Mama Feza

Siku ile tulikuwa mimi, wadogo zangu Mbuyi na Kanku, na Mama Feza wa kikundi cha ngoma kilichopita mtaani kwetu Dilala kikifundisha watoto. Juzi nimeona kikundi kingine kikitimua vumbi lilelile, nikamkumbuka. Tulikuwa tukirudia hatua, ukumbi ukinuka jasho, vijana wenye fimbo walipoingia kutafuta watu wa Kasai wawafukuze.

"Bale batoto ni ba nani?" mmoja wao akauliza.

"Ni bangu," alisema Mama Feza. "Bote batatu."

Nilidhani amekosea. "Hapana, mama," nikamsahihisha kwa heshima. "Mama yetu alikufa. Alizikwa kwabo Kasai, Mbuji-Mayi."

Walimpiga yeye kwanza, sisi tukaruka dirishani. Nilijiona nimemtetea marehemu. Mama Feza sijamwona tena. Bado nina deni la kumwita mzazi wetu mbele za watu.