Toazi la Juu, Sinia la Chini

Mbuzi wa mwalimu wetu wa chuoni, kule kisiwani Chula, alikuwa akilamba wino. Nasema kweli. Tuliandikia mbao siku zile, kwa wino wa masizi uliotiwa gundi ya mgunga, na yule mbuzi aliipenda ile gundi kama watoto wapendavyo halua. Ukiegemeza ubao ukutani ukaenda haja, ukirudi huna alifu wala be, ubao unang'aa mate. Mwalimu alinichapa mara ya kwanza, akanichapa mara ya pili. Mara ya tatu akaweka bakora chini, akasema mbele ya wenzangu, "Mbuzi keshahitimu. Wewe bado."

Walicheka mpaka nikashika njia. Nilikuwa nimefika kwenye kuunganisha herufi, sijafika kwenye maana. Kisomo changu kiliishia hapo, na anayetaka kunicheka na acheke, watangulizi wake wengi. Herufi zimo kichwani mpaka leo, hakuna mbuzi aliyezifikia.

Basi ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa mpishi wa hoteli moja Kismayo, akaniambia njoo uoshe sahani. Nikaosha. Miaka mingapi sijui, msiniulize miaka. Kwenye ukumbi wa hoteli palikuwa na dramu za kizungu zilizoachwa na mgeni aliyekwenda kwao asirudi. Bendi ya hoteli ilizitumia. Mpigaji wake akaoa Mogadishu, akakaa hukohuko, na kwa kuwa mimi nilikuwa nikigonga masufuria jikoni tangu asubuhi, mkuu wa bendi akasema, "Mleteni huyo wa sahani, angalau atatupunguzia kelele za jikoni."

Katika zile dramu, kitu kilichonishika ni matoazi ya mguu. Asiyeyajua nimweleze. Ni mawili, yamelala uso kwa uso juu ya mti wa chuma. La chini limetulia, la juu linapanda na kushuka kwa kanyagio la mguu wa kushoto. Ukikanyaga, yanafumba na kusema chi. Ukiinua kidogo tu huku unapiga kwa kijiti, yanasagana, yanatoa sauti kama maji yanayorudi kwenye mchanga. Bendi nzima inatembea juu ya sauti hiyo. Mwimbaji akikosea watu hawajui. Mguu wangu ukikosea, ukumbi mzima unakanyagana.

Juu ya lile la juu palikuwa na mhuri uliogongwa ndani ya shaba, na ndani ya mhuri mstari wa herufi za chuoni. Nilifurahi kama niliyekutana na jamaa. Nikazitamka: hazikuwa Kiarabu, hazikuwa Kisomali. Baharia mmoja aliyekuja kunywa kahawa akaniambia ni Kituruki cha kale, cha kabla hawajahamia herufi za kizungu.

Mwaka uliofuata, au wa pili yake, la chini likapasuka. Ufa kutoka ukingoni mpaka karibu na tobo, na toazi likipasuka halina dawa, linakohoa tu. Jipya halipatikani Kismayo. Sasa hapa nitasema jambo ambalo mke wangu ananikataza kulisema. Khalati yangu, dada wa mama, alikuwa na sinia la shaba la harusi. Kwetu visiwani wanawake hulipiga sinia kwa vijiti viwili bibi harusi anapotolewa, na sinia la khalati lilikuwa maarufu, lilikuwa likiazimwa mpaka kisiwa cha Kudha. Nikaliazima na mimi. Nikampelekea fundi wa masufuria, nikamwambia nitobolee katikati, ukinyanyue kitovu, uuteremshe ukingo.

Fundi akaligeuza, akaliangalia, akaniangalia. "Mwenyewe anajua?"

"Anajua nimeliazima."

"Hilo sikuuliza," akasema, lakini nyundo alikwisha kuishika.

Alilipigapiga siku tatu. Na wallahi, likakubali. Chi yake ilikuwa nzito kidogo, ya kifua, na lile la Kituruki juu yake jembamba, la puani, na mawili pamoja yalitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa bendi nyingine yoyote, si ya Mogadishu wala si ya Mombasa. Watu walianza kuja kwa sauti ile.

Khalati naye akaja. Si kucheza, alikuja harusini pale hotelini, amekaa na wanawake wenzake nyuma ya pazia. Katikati ya wimbo wa pili pazia likafunguka. Mama mtu mzima, buibui lake limeteremka mabegani, anapita kati ya wacheza dansi moja kwa moja mpaka kwangu.

"Sinia langu hilo!"

"Shikamoo khalati."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nimelipiga tangu mwari, siijui sauti yake? Hata ulivike kofia nitalijua!" Akainama akaliona, limetobolewa, limelala chini ya yule Mturuki. Kisha akageukia ukumbi, akasema kwa sauti, "Wachu, enyi watu, tazameni! Mwana wa dada yangu ameniozeshea sinia langu bila mahari!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mahari alinitoza: nipige harusi zote za binti zake, na alikuwa na watano. Nikapiga zote tano. Kwa hiyo mimi sinia lile sikuliiba. Nililiposa kwa kuchelewa.

Mengine mnayajua. Vita vilipoingia hatukubeba godoro, tulibeba matoazi, kwa sababu mke wangu aliyafunga pamoja na sufuria akidhani ni vifuniko. Kambini Mombasa tulikula wali juu ya lile la chini. Na kila Idi mke wangu aliyasugua yote mawili kwa majivu na ukwaju, kama asuguavyo shaba yoyote, mpaka ukijitazama humo unaona meno yako. Sikumkataza. Nani angekataza? Kwetu shaba isiyosuguliwa ni aibu ya mwenye nyumba.

Sasa tumerudi Kismayo na goti langu la kushoto limekufa. Halikanyagi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameanza kufunikia sufuria la mchuzi kwa lile la juu, na nikimwangalia ananiambia, "Baba, si limekaa tu?" Nikaona nikifa mimi, moja litakuwa kifuniko na la pili litakuwa la unga, na hakuna atakayejua kwamba yalikuwa yakizungumza. Kwa hiyo nilitafuta mtu wa kuyachukua yote mawili. Niliwaambia nyumbani: sitafuti pesa, natafuta mguu.

Wakanielekeza kwa bwana mmoja aliyefungua duka la vitu vya kale, redio, taa, kanda. Kazaliwa hapahapa, kalelewa Nairobi, kisha Ulaya. Kijana mwenye adabu, aliniita adeer, yaani ami, akanipa kiti. Akaweka matoazi juu ya kitambaa cha kijani. Akayapima upana, akayapima uzito kwa mizani ya jikoni, akahesabu alama za nyundo, akapitisha kucha kwenye mistari ya duara. Akatoa simu yenye picha za mihuri, akazipitisha kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Adeer, umri wa toazi unajulikana kwa mhuri. Wako haufanani na wowote. Naogopa ni la kuiga."

Nikainuka kwenye kiti. "Mwanangu, umelishika kichwa chini."

"Vipi?"

"Herufi zimesimama kwa vichwa vyao. Ligeuze." Nikaligeuza mwenyewe, nikamwekea kidole. "Anza kulia. Hii sini. Hii te."

"Mbona te haina nukta?"

"Ililiwa na ukwaju. Muulize mke wangu."

Akalinganisha tena. Rangi ya uso ikambadilika. Akasema ni mhuri wa kale sana, wa Waturuki wenyewe, kuna watu Ulaya wanautafuta usiku na mchana. Kisha akaguna. "Lakini limesuguliwa. Kutu yake ya asili ndiyo thamani, adeer. Huyu mama amelivua nguo."

"Amelivisha," nikasema.

Akacheka. Kisha akachukua la chini, akaliteremsha kutoka kwenye kitambaa, akaliweka sakafuni, karibu na viatu vyangu.

"Hili nitakurudishia. Halina mhuri, halina kiwanda, si shaba ya matoazi. Ni sinia, adeer. La juu nitalitafutia mwenzake halisi hukohuko Ulaya, mnunuzi anataka jozi."

"Jozi hiyo hapo."

"Si jozi. Hayakuzaliwa pamoja."

"Mimi na mke wangu pia hatukuzaliwa pamoja. Yapige."

"Samahani?"

"Umeyapima, umeyahesabu, umeyapiga picha. Hujayapiga. Weka moja juu ya jingine, uyapige, kisha uniambie yana umri gani na yanafaa nini."

Alinitazama kama ninayemtaka alambe ukuta. "Kuyagonga kunashusha thamani," akasema. "Mnunuzi akinunua, hatayapiga. Atayatundika."

"Ukutani?"

"Ndani ya kioo."

Nikauliza tena ili nisije nikamdhulumu. "Huyo mtu ana mguu?"

Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nikainama, goti likalia, nikaliokota sinia langu sakafuni. Nikalichukua la juu kutoka kwenye kitambaa. Nikayalaza uso kwa uso ndani ya shuka nililokuja nalo, nikafunga fundo. Alinifuata mpaka mlangoni akitaja bei, kisha bei nyingine, kisha akasema basi, adeer, hata yote mawili, la chini nitaliweka tu dukani. Nikasikia hilo "tu" lake. Sikugeuka.

Mguu bado sijaupata, na mkwe wangu nimemnunulia kifuniko cha bati. Lile duka liko kwenye njia yangu ya sokoni. Napita upande wa pili wa barabara. Sijaingia tena, wala sitaingia.