Milimita Nne

Rehema alizaliwa Wamaza, huko Kabambare. Wazazi wake walikuwa wakulima, Wakristo. Kwao aliitwa Victoire. Nilipomwoa akaja kwetu Kasongo, akawa Rehema. Dada yake mkubwa, Jeannette, jina hilo hakulikubali hata siku moja. Mpaka leo anasema Victoire.

Alikuja na mashine ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu. Wanaume wawili waliibeba siku tatu, maana mvua ilikuwa imekata njia. Yeye alitembea nyuma yao, akiangalia wasiigonge kwenye miti.

Mimi ni seremala. Shule sikuingia. Namba nilizijua kwa sababu ya metre ya kupimia mbao. Herufi alinifundisha yeye, kila Ijumaa baada ya sala, kwa chaki yangu mwenyewe, juu ya ubao wa mti wa kambala. Hizi ninazoandika hapa ni herufi zake.

Miaka arobaini na mmoja alishona barazani, mimi nikakata mbao uani. Alishona sare za shule, kanzu, nguo za maharusi. Maneno matamu hakuwa nayo. Mteja akivuta pumzi wakati wa kupimwa, alimwambia, “Mama, tumbo ni yako. Mimi usinifiche, kitambaa kitakusema.” Watu walicheka, wakarudi tena.

Nguo zake yeye zilikaa ndani ya sanduku la bati. Nilitengeneza makabati ya watu wa Kasongo, ya watu wa Nyangwe, moja likafika Kabambare kwa pikipiki mbili. Lake halikupata zamu. Kila mwaka nilisema ni mwaka huu. Mwishowe hakuuliza tena. Wateja wakitazama lile sanduku, alisema, “Mume wangu ni seremala wa watu.”

Mwaka juzi shirika moja lilifunga ofisi yake hapa mjini. Nilikuwa nawafanyia kazi, wakaniachia pano tano nyeupe, zile bapa pana za kutoka kiwandani. Wakati ule miguu ya Rehema ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani tulipozishusha. Akaziangalia.

“Baba Amisi,” aliniita. “Hizo ni zangu.”

“Ni zako.”

“Sema mbele ya Jeannette.”

Dada yake alikuwa amekuja kumuuguza. Nikasema mbele yake. Jeannette akajibu, “Nimesikia, shemeji. Na masikio yangu bado ni mazima.”

Pano hizi si mbao. Ni unga wa mbao, umeshindiliwa kwa gundi, ukavishwa ngozi nyeupe juu na chini. Ukikata, ukingo unabaki wazi, wa kahawia, kama mkate uliokatwa. Mvua za kwetu zikifika, ukingo wazi unakunywa maji. Unavimba, unapasuka, kabati linakufa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kila ukingo lazima ufungwe kwa ukanda. Ukanda huo Kasongo haupo. Unaagizwa Lubumbashi. Unakuja kwa treni mpaka Samba, na treni inapita siku ikipenda. Kutoka Samba ni pikipiki, na kuvuka mto.

Nilikata vipande vyote nikavipanga ukutani. Rehema akapima kingo moja moja kwa metre yake ya kushonea, ile laini. Jeannette alishika upande wa pili. Kazi ya saa moja ikachukua siku mbili, kwa sababu ya pumzi yake. Kisha akaandika karatasi.

“Urefu ni metre hamsini na tatu,” alisema. “Nimeandika sitini.”

“Hizo saba za nini?”

“Za kukata. Za kuungua. Za mkono wako kutetemeka.”

“Mkono wangu hautetemeki.”

“Haya. Za mkono wa jirani, basi.” Jeannette akacheka peke yake. “Sikiliza. Uwe mwembamba, wenye gundi mgongoni. Tutaubandika kwa pasi yangu. Ule mnene pasi ya makaa haiuwezi, moto haufiki kwenye gundi. Na uwe roli moja. Roli mbili si weupe mmoja. Nimeshona miaka mingapi, sijaona nyeupe mbili zinazofanana.” Akanipa kipande cha pano cha ukubwa wa kiganja. “Umpe Abdoul na hiki. Asiende kumwambia mutu wa Lubumbashi ‘nyeupe’ tu.”

Nikasoma karatasi. Upana: milimita 22.

“Hapa umekosea. Unene wa pano ni kumi na nane.”

“Najua.”

“Ukanda utazidi.”

“Uzidi. Mbili huku, mbili huku. Unabandika, halafu unanyoa kile kilichozidi. Mimi nikipinda nguo, kitambaa nakikata sawa na mwisho wa nguo? Nitapinda nini?”

Nikakunja karatasi. Nilikuwa na miaka hamsini kwenye mbao.

Abdoul ndiye mwenye duka la misumari na vitasa, karibu na soko. Ndiye anayeagiza vitu Lubumbashi. Nilimkuta na watu wanne wamekaa kwenye mifuko ya simenti. Akachukua karatasi, akasoma kwa sauti, kama anavyofanya kwa kila mtu.

“Upana ishirini na mbili. Pano yako ni ngapi, muzee?”

“Kumi na nane.”

“Sasa hii ishirini na mbili?”

Mmoja wao akasema, “Ni mwandiko wa mama huo. Kabati la muzee linashonewa pindo.”

Mwingine akasema, “Atalivalisha na sidiria.”

Wakacheka. Abdoul naye alicheka, lakini kidogo, maana Rehema alimshonea kanzu ya harusi. Akaniangalia. “Niandike ngapi?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema ngapi. Wale watu hawakuwa kitu kwangu. Wawili sijui hata majina yao.

“Andika kumi na nane,” nilisema. “Na urefu hamsini na tatu. Huyu amezoea vitambaa.”

Abdoul akapiga mstari juu ya namba, akaandika nyingine pembeni. Kipande cha pano nilimpa.

Nyumbani Rehema aliuliza, “Umempa karatasi?”

“Nimempa.”

Hilo lilikuwa kweli.

Roli ilichukua wiki saba. Mimi nilikuwa nimeitwa kuweka mlango kwa mutu, Abdoul akauleta mzigo mwenyewe mpaka nyumbani. Niliporudi ulikuwa umefunguliwa, uko juu ya kitanda, na Rehema ameshika metre yake.

“Ni kumi na nane,” alisema.

Nikaweka msumeno chini.

“Abdoul alikosea?”

Jeannette alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Alinitazama.

“Ndiyo,” nilisema. “Abdoul alikosea.”

Rehema akaukunja ukanda tena kwenye roli, polepole, bila kuuvunja. “Jaribu mlango mmoja,” alisema.

Nikajaribu. Jeannette alijaza pasi makaa. Hewa ya mvua ilikuwa imeshaingia kwenye kingo, pano haikuwa tena kumi na nane kamili. Ukanda niliuweka katikati, ukakimbia. Nikiusogeza juu, chini kunabaki mstari wa kahawia. Nikiushusha, mstari unatoka juu. Gundi ikipata moto ukanda unateleza kama samaki, na huna pembeni pa kuushika. Nilibandua, nikabandika, nikabandua. Mara ya tatu ukaungua. Ule mstari ni mdogo, kama ukucha. Lakini maji hayaombi mlango mkubwa.

Rehema alitazama kila kitu kutoka kitandani. Hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Kesho yake akaandika karatasi nyingine. Safari hii hakunipa mimi. Alimpa Jeannette, akamtuma kwa Abdoul. Nilidhani ni kwa sababu ya goti langu, lililokuwa linauma.

Tukangoja. Treni ilikwama huko Kongolo, wakasema wiki mbili, ikawa sita. Mvua ilinyesha. Niliweka pano juu ya matofali, nikazifunika kwa turubai, lakini kipande kimoja cha ubavu kilivimba chini, kikafunguka kama kitabu. Nikakikata vidole vinne. Na cha pili nikakikata vidole vinne, vilingane. Kabati likapungua urefu kabla halijasimama.

Yeye alikuwa anauliza kila asubuhi. “Treni?”

“Bado.”

“Haya.”

Siku moja aliniambia niisimamishe ile mifupa ya kabati bila ukanda, alione. Nikasema nikilifunga sasa nitalifungua tena, misumari italegea. Nikasema asubiri, aone kitu kizuri. Akasema, “Sawa, seremala wa watu.”

Alikufa Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Tukamzika alasiri. Mbao za kaburi nilizipiga randa mwenyewe, mbao za kweli. Hizo hazikungoja treni.

Siku kumi na moja baadaye roli ikafika. Ishirini na mbili. Abdoul hakutaka kuingia ndani. Aliiweka barazani, juu ya mashine ya kushona, akanipa pole, akaenda.

Nilifanya kazi siku nne. Pasi ilikuwa yake, hakukuwa na nyingine. Ukanda ulikaa. Unapita huku milimita mbili, kule milimita mbili, unaushika kwa vidole, unapitisha pasi, unakandamiza kwa kitambaa. Ukipoa, unanyoa kwa patasi, halafu msasa. Vile vipande vilivyonyolewa vinatoka virefu, vyeupe, vinajikunja sakafuni. Vilikuwa vingi kweli. Milimita nne za upana, kwa kila metre. Na zile metre saba, zilitumika sita. Mkono wangu ulitetemeka.

Likatoka kabati zuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Jirani alilipapasa ukingoni akasema, “Hata mshono hauonekani, muzee.”

Siku ya arobaini Jeannette alitoka Wamaza kuja kugawa nguo. Wanawake walikuwa wamejaa, mkeka ulikuwa mdogo, chini kulikuwa na tope la miguu. Alifungua sanduku la bati, akatafuta mahali pa kuzipanga ili achague za nani na za nani.

“Weka humo,” nilisema.

Akafungua milango. Akazipanga. Vitenge chini, magauni juu, shungi pembeni. Zilienea zote humo. Ilibaki nafasi kidogo ya nguo ambazo Rehema hakuwahi kununua.

Kisha akaanza kuzitoa moja moja. Kwa kila kitambaa anakikung’uta, anataja jina, anampa mtu. Kutoka kwenye kitenge cha kijani ilianguka karatasi, imekunjwa mara nne. Jeannette aliiokota akanipa. Hakuifungua.

“Hiyo ni yako, shemeji.”

Nikaifungua. Mwandiko wake. Ishirini na mbili, imepigwa mstari. Pembeni, kwa mkono wa Abdoul, kumi na nane. Sitini, imepigwa mstari. Hamsini na tatu. Abdoul ana desturi moja, watu wote wanaijua: karatasi ya agizo anaifunga pamoja na mzigo, mutu asije kubishana. Mimi niliijua. Niliisahau.

“Aliiona lini?”

“Siku ile ile. Yeye ndiye alifungua.”

“Kabla hajaniuliza?”

“Kabla.”

Jeannette aliendelea kukunja kitenge.

“Nilimwambia, Victoire, mupigie kelele huyu mwanaume. Mimi nitakusaidia.” Akampa mtu kile kitenge. “Akasema pumzi zimebaki chache, hawezi kuzimaliza kwa milimita nne.”

Kisha akataja jina la mtu mwingine, akatoa gauni.

Nguo zilikaa kabatini kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Jeannette aliondoka na sanduku la bati, kwa sababu lilitoka kwao. Nikafunga milango. Kingo zote zimefungwa, hakuna mstari wa kahawia popote. Mvua za mwaka huu zimepita, na ndani ni pakavu.